Chupa ya maji na kibebeo chake: Jinsi ya kuchagua kwa baiskeli ya mbio

JUMATATU ya Oktoba 5, 2020, Geraint Thomas wa Wales, bingwa wa Tour de France wa mwaka 2018, alikuwa miongoni mwa waliopewa nafasi kubwa ya kutwaa ubingwa wa mbio za baiskeli za Giro d'Italia. Kabla hatua ya tatu haijaanza rasmi mjini Enna, katika kisiwa cha Sicily, gurudumu lake lilikanyaga chupa ya maji iliyokuwa ikibingirika barabarani, akaanguka.

Thomas aliinuka na kuendelea hadi mwisho wa hatua hiyo katika mlima Etna, akiwa amechelewa kwa zaidi ya dakika 10. Siku iliyofuata vipimo vilionyesha kuwa mfupa wa nyonga umepata ufa, na mbio zikawa zimekwisha kwa upande wake.

Chupa za aina hiyo ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa katika mchezo huo. Hata hivyo, ikichomoka mahali pake, yaweza kumwangusha mwenye baiskeli au mwenzake anayefuata nyuma. Na ikiwa ndogo kuliko mahitaji, humwacha mwendeshaji bila maji katikati ya safari.

Pamoja na hayo, waendeshaji wengi huchagua chupa na kibebeo chake mwishoni kabisa, tena kwa kutazama rangi au uzito. Utaratibu unaofaa ni kuanza na kiasi cha maji kinachohitajika, kisha kutazama nafasi iliyopo kwenye fremu, kisha uwezo wa kibebeo kushika chupa barabara inapokuwa mbovu. Uzito na sura hufuata baada ya hayo.

Maji kiasi gani?

Kiasi cha jasho hutofautiana sana baina ya mtu na mtu. Mwongozo wa Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani (ACSM) wa mwaka 2007 unashauri kila mchezaji apime jasho lake mwenyewe, na anywe kiasi cha kutosha ili asipoteze zaidi ya asilimia 2 ya uzito wa mwili kutokana na upungufu wa maji.

Kipimo hicho hakihitaji maabara. Mwendeshaji hujipima uzito akiwa na nguo chache kabla ya kupanda baiskeli, huendesha kwa saa moja kwa kasi yake ya kawaida, kisha hujifuta jasho na kujipima tena. Kila kilo moja iliyopungua ni sawa na takriban lita moja ya maji, na kiasi alichokunywa njiani hujumlishwa.

Kwa mfano, mtu aliyeanza na kilo 65 na kumaliza na kilo 64.7 baada ya kunywa nusu lita, ametoa jasho la takriban lita 0.8 kwa saa. Mtu huyo akitoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, umbali wa takriban kilomita 70, kwa muda wa saa 3, atapoteza lita 2.4.

Asilimia 2 ya uzito wake ni kilo 1.3. Hii ina maana kwamba ili asivuke mpaka huo, anapaswa kunywa walau lita 1.1 njiani. Chupa mbili za nusu lita hazimtoshi, ilhali chupa mbili za mililita 750 zinamtosha na kumbakizia akiba. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayopaswa kumwongoza mnunuzi dukani.

Kunywa kupita kiasi nako kuna hatari, kwa sababu hupunguza kiwango cha sodiamu katika damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la New England Journal of Medicine uliwachunguza wakimbiaji 488 waliomaliza mbio za Boston Marathon za mwaka 2002, na asilimia 13 kati yao walikutwa na upungufu huo. Chupa kubwa, kwa hiyo, ni akiba. Haimlazimishi mtu kuimaliza.

Katika mashindano ya kimataifa mambo ni tofauti kidogo, kwani wakimbiaji hupokea chupa mpya kutoka kwenye magari ya timu na vituo maalumu. Katika mbio za barabarani za wanaume za ubingwa wa dunia zilizofanyika Kigali, Rwanda, Septemba 28, 2025, ambazo Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, umbali ulikuwa kilomita 267.5. Hakuna baiskeli ya mbio ambayo ingebeba maji ya safari hiyo yote katika vibebeo vyake viwili. Mwendeshaji wa kawaida hana gari la timu, hivyo chupa zake na maduka ya njiani ndiyo hazina yake.

Zamani hata wakimbiaji wakubwa walibanwa. Wakati Tom Simpson wa Uingereza alipofariki dunia akipanda Mont Ventoux, Julai 13, 1967, katika Tour de France, washiriki waliruhusiwa chupa 4 tu kwa siku, na wengi waliamini kuwa kunywa maji machache ni ushupavu. Joto kali, pombe na dawa za kusisimua mwili vilichangia kifo hicho, na imani hiyo kuhusu maji ilikuja kuachwa baadaye.

Ukubwa wa chupa

Chupa nyingi za baiskeli ya mbio zina kipenyo cha takriban milimita 74, na vibebeo hutengenezwa kwa kipimo hicho. Kinachotofautisha chupa ndogo na kubwa ni urefu.

Ukubwa unaopatikana kwa wingi ni wa mililita 500 hadi 600, na ule wa mililita 700 hadi 750. Zipo pia za karibu lita moja, ila kwa urefu wake hazienei kwenye fremu nyingi, na hutikisika zaidi zinapojaa.

Baiskeli ya mbio kwa kawaida ina nafasi mbili: moja kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani kuelekea kwenye pedeli, na nyingine kwenye bomba linalobeba kiti. Bomba la kwanza ni refu zaidi na ni rahisi kufikiwa kwa mkono, hivyo chupa kubwa huwekwa hapo.

Wenye vimo vifupi, ambao fremu zao ni ndogo, hukabiliwa na tatizo la chupa kugonga bomba la juu wakati wa kuichomoa. Ufumbuzi wake ni kibebeo kinachofunguka ubavuni, ambacho huruhusu chupa kuingia na kutoka kwa pembeni. Mnunuzi anapaswa kuangalia kama kimetengenezwa kwa mkono wa kulia au wa kushoto, kwani si vyote vinavyoweza kugeuzwa.

Kabla ya kununua, inafaa kupima kwa rula urefu wa nafasi iliyopo kuanzia sehemu ya chini ambapo kitako cha chupa kitakaa hadi kwenye bomba la juu, kisha kulinganisha na urefu wa chupa dukani. Chupa ikienea kwa shida dukani, itakuwa shida zaidi barabarani.

Plastiki, chuma au tabaka mbili

Chupa ya baiskeli hutakiwa kuwa laini kiasi cha kubinywa kwa mkono mmoja. Mwendeshaji anayepanda mlima akihema hana nafasi ya kufyonza maji kwa nguvu. Hubinya, maji yakaruka mdomoni, kisha akairudisha chupa bila kuondoa macho barabarani.

Kwa sababu hiyo, chupa nyingi hutengenezwa kwa plastiki ya polithini au polipropilini. Chini ya chupa huwa na alama ya pembetatu yenye namba 2, 4 au 5 kuonyesha aina hizo, ambazo hazitengenezwi kwa kemikali ya bisfenoli A (BPA).

Kemikali hiyo hutumika katika plastiki ngumu inayong'aa iitwayo polikaboneti, ambayo huwekwa katika kundi la namba 7. Canada ilitangaza mwaka 2008 kuwa itaizuia katika chupa za watoto wachanga, Umoja wa Ulaya ukafanya hivyo mwaka 2011, na Desemba 2024 umoja huo ukapitisha zuio pana kwa vifaa vinavyogusana na chakula.

Chupa za chuma cha pua hudumu miaka mingi na hazishiki harufu, lakini hazibinyiki, hupiga kelele ndani ya kibebeo cha chuma na zaweza kukwaruza fremu. Zinafaa kwa safari za taratibu zenye vituo.

Kwa wanaoendesha katika joto la pwani, zipo chupa za tabaka mbili zinazochelewesha maji kupata moto. Upungufu wake ni kwamba ni nzito na hubeba maji machache kuliko chupa ya kawaida yenye umbo lile lile. Mwendeshaji atapaswa kuamua kati ya maji mengi yaliyopata moto na maji machache yenye ubaridi.

Mdomo wa chupa nao uchunguzwe. Ule wa kuvuta kwa meno ni rahisi na hufunguka kwa usafishaji. Ule wenye valvu laini ya mpira hujifunga wenyewe baada ya kubinywa, jambo linalozuia maji kumwagika, lakini mikunjo yake huhifadhi uchafu usipofunguliwa na kusuguliwa.

Kibebeo: mbano kwanza, uzito baadaye

Habari njema kwa mnunuzi ni kwamba matundu ya skurubu kwenye fremu hufuata kipimo kimoja karibu kote duniani: umbali wa milimita 64 kutoka tundu hadi tundu, kwa skurubu za milimita 5. Kibebeo cha Italia kitaingia kwenye fremu ya Taiwan bila tatizo.

Tofauti kubwa iko katika malighafi. Vibebeo vya aluminiamu ni vya bei nafuu, na kikilegea chaweza kukunjwa kwa mkono ili kibane tena. Kasoro yake ni kuacha alama nyeusi kwenye chupa, na hatimaye kukatika pale kilipokunjwa mara nyingi.

Vile vya plastiki ngumu, vikiwamo vinavyotengenezwa na kampuni za Elite ya Italia na Tacx ya Uholanzi, vimetumiwa kwa miaka mingi na timu za kulipwa. Hubana vizuri, haviachi alama, na bei yake ni ya wastani. Hata hivyo, jua na mtikisiko huvichosha, hivyo vinahitaji kukaguliwa kama vina nyufa.

Vya chuma cha pua ni vizito kidogo lakini hudumu sana na hurudi katika umbo lake. Vya nyuzi za kaboni ndivyo vyepesi na vya gharama kubwa. Vingi huwa na uzito wa kati ya gramu 20 na 30. Vikipata ufa havikunjiki wala haviungwi, hununuliwa vingine.

Hapa ndipo hesabu ya uzito inapopaswa kufanywa kwa utulivu. Anayebadili kibebeo cha gramu 50 na kuweka cha gramu 25 ameokoa gramu 25, yaani uzito wa mafunda mawili hivi ya maji. Chupa ya mililita 750 ikijaa ina zaidi ya gramu 750. Kama kibebeo chepesi kitaangusha chupa hiyo kwenye shimo la kwanza, akiba hiyo haina maana.

Kibebeo kizuri huzunguka sehemu kubwa ya chupa na huwa na kijino kinachoingia kwenye mfuo wa shingo ya chupa. Vyenye mkono mmoja au nafasi kubwa pembeni hupendeza machoni, lakini hutegemea barabara laini.

Ni muhimu pia kununua chupa na kibebeo kwa kuvijaribu pamoja. Chupa mbili zenye kipenyo kile kile zaweza kutofautiana mahali mfuo ulipo, moja ikashikwa vema na nyingine ikacheza.

Vibebeo vinavyofungwa nyuma ya kiti, vinavyopendwa katika mbio zinazochanganya kuogelea, baiskeli na kukimbia, vina sifa mbaya ya kurusha chupa pale gurudumu la nyuma linaporuka tuta. Asiye na sababu maalumu ni heri abaki na nafasi mbili za ndani ya fremu.

Chupa za dukani

Wengi katika Afrika Mashariki huchomeka kwenye kibebeo chupa ya maji iliyonunuliwa dukani. Ile ya nusu lita ni nyembamba kuliko milimita 74, hivyo hucheza na kuruka nje. Ile ya lita moja na nusu ni nene na haiingii. Tena zote mbili hutaka kufunguliwa kizibo, kazi inayohitaji mikono miwili.

Njia salama ni kusimama, kununua maji hayo na kuyamimina kwenye chupa ya baiskeli. Asiye na chupa hiyo aweza kuvika chupa ya nusu lita kipande cha tyubu kuukuu ili inenepe na kushikwa, na kusimama kila anapotaka kunywa. Vipo pia vibebeo vinavyorekebishwa upana, ambavyo ni vizito zaidi lakini hupokea chupa za aina nyingi.

Kufunga na kujaribu

Skurubu za kibebeo hufungwa kwa spana ya pembe sita yenye umbo la herufi L, mara nyingi ya milimita 4. Kupaka grisi kidogo kwenye nyuzi za skurubu huzuia kutu, hasa kwa wanaoishi karibu na bahari na wale wanaotoa jasho jingi, kwani chumvi huzigandisha.

Skurubu zote mbili zianzwe kwa vidole kabla ya kukazwa. Nguvu ikizidi, nati iliyopachikwa ndani ya fremu huzunguka tupu au fremu ya kaboni hupasuka. Watengenezaji huandika kiwango cha kukaza, ambacho kwa kawaida hakizidi niutoni-mita 5.

Baada ya kufunga, jaribio ni jepesi. Chupa ijazwe hadi juu na kuwekwa mahali pake, kisha baiskeli igeuzwe miguu juu na kutikiswa. Chupa ikianguka, kibebeo hicho hakifai kwa chupa hiyo. Ikibaki, mwendeshaji aende peke yake kwenye barabara yenye makorongo na matuta kabla ya kujiunga na kundi.

Jaribio la pili ni la mkono: je, chupa hutoka bila kuvutwa kwa nguvu? Kibebeo kinachobana kupita kiasi humfanya mtu ayumbe, au aahirishe kunywa hadi kiu imemlemea. Ikiwezekana, kunywa kufanyike barabara inaponyooka na kabla ya mlima, kamwe si kwenye mteremko mkali.

Anayebeba chupa mbili anashauriwa kuweka maji matupu katika moja na kinywaji chenye sukari na chumvi katika nyingine. Maji matupu yatamfaa pia kujimwagia kichwani wakati wa joto na kuosha jeraha akianguka.

Usafi na muda wa kutupa

Chupa iko karibu na barabara, na tope linalorushwa na gurudumu hufika kwenye mdomo wake. Julai 2008, washiriki wengi wa mbio za baiskeli za milimani huko Builth Wells, Wales, waliugua kuhara, na uchunguzi ulihusisha ugonjwa huo na bakteria wa kampilobakta na tope lenye kinyesi cha mifugo. Kwa anayepita njia za mifugo, chupa yenye kifuniko cha mdomo ni kinga ya bei ndogo.

Kila baada ya safari chupa ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mdomo wake ufunguliwe, kisha ikaushwe ikiwa wazi. Maji yanayochemka hulegeza plastiki laini. Harufu ya upya hupungua kwa kuilaza usiku kucha ikiwa na maji yenye siki kidogo.

Kinywaji chenye sukari kisilale ndani ya chupa. Weusi wa kuvu ukishaingia kwenye mikunjo ya valvu na kukataa kutoka, mdomo ubadilishwe au chupa itupwe.

Kwa wanaoshindana

Kanuni za Chama cha Kimataifa cha Baiskeli (UCI) zinaelekeza kuwa katika mbio za barabarani chupa zikae ndani ya fremu, kwenye mabomba mawili yaliyotajwa. Ujazo wake uwe kati ya mililita 400 na 800, na upana wake usipungue sentimita 4 wala kuzidi sentimita 10. Mwenye chupa ya lita moja aiache kwa ajili ya mazoezi.

Aidha, tangu Aprili 2021 kutupa chupa nje ya maeneo yaliyotengwa ni kosa. Michael Schär wa Uswisi aliondolewa katika Tour of Flanders Aprili 4 mwaka huo kwa kuwarushia mashabiki chupa yake. Adhabu hiyo ililegezwa baadaye, lakini katazo likabaki.

Kwa mwendeshaji asiyeshindana, uamuzi ni wa kawaida: apime jasho lake, apime nafasi kwenye fremu, kisha achukue kibebeo cha plastiki ngumu au aluminiamu kinachobana chupa mbili za mililita 750, au za mililita 600 kama fremu ni ndogo. Baada ya hapo aigeuze baiskeli miguu juu na kuitikisa, kabla shimo la barabarani halijamfanyia jaribio hilo akiwa katikati ya wenzake.